Kukarabati jengo la biashara ili watu wenye ulemavu waingie na kulitumia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye majengo, wapangaji, wasanifu na mafundi kabla kazi haijaanza, na mara nyingine (kwa bahati mbaya) vigae vikiwa vimeshalazwa. Vipimo vilivyotajwa hapa, pasipoelezwa vingine, vimetoka kwenye viwango vya Marekani vya mwaka 2010, kwa kuwa vinaingia kwa undani kwenye suala la majengo ya zamani. Kipo pia kiwango cha kimataifa, ISO 21542, kilichotolewa kwanza 2011 na kurekebishwa 2021. Nchi yako ikiwa na kanuni zake, hizo ndizo utakazopimwa nazo.

Jengo langu ni la zamani. Sheria hizi si za majengo mapya tu?

La. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi kwenye ibara ya 9 zitambue na kuondoa vizuizi kwenye majengo, na huwezi kuondoa kizuizi kwenye jengo ambalo halijajengwa. Nchi zimelitekeleza hilo kwa njia tofauti. Marekani, sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inasema sehemu yoyote ya jengo la biashara iliyofanyiwa mabadiliko baada ya tarehe 26 Januari 1992 lazima ifikike kwa kadiri yote inayowezekana. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 haingoji hata ukarabati: anayetoa huduma kwa umma anatakiwa afikirie mapema na kufanya marekebisho yanayostahili, hata kama hana mpango wa kugusa ukuta. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huohuo.

Kwa hiyo usitegemee umri wa jengo kuwa kinga. Siku unayoomba kibali cha ukarabati ndiyo siku ambayo umri huo unaacha kukusaidia.

Nikipaka rangi tu, nahesabiwa?

Kupaka rangi, kubandika karatasi za ukutani, kuezeka upya, kubadili nyaya au mabomba: kazi hizi kwa kawaida ni matunzo, wala hazikuingizi kwenye wajibu mpya. Kinachoangaliwa ni kama kazi inabadilisha namna watu wanavyolitumia jengo. Kuhamisha ukuta, kubadili milango, kupanga upya sehemu ya mauzo, kubomoa vyoo, kuinua sakafu, hayo yote yanahesabiwa.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawautarajii. Kupaka rangi ukuta si kitu, ila kuchora upya mistari ya maegesho kunahesabiwa kuwa mabadiliko chini ya sheria ya Marekani. Ukichukua brashi kuchora mistari, nafasi za watu wenye ulemavu nazo zinatakiwa ziwemo, tena kwa vipimo vyake. Kwa vile kazi yenyewe ni rangi na kipimio, hakuna utetezi wa gharama utakaosikilizwa.

Nakarabati ukumbi mmoja tu. Kwa nini naambiwa nirekebishe mlango wa mbele na choo kilicho upande wa pili?

Kwa sababu ukumbi usiofikika haujakarabatiwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuufikia. Ukigusa sehemu ambamo shughuli kuu ya jengo inafanyika (ukumbi wa mauzo, sehemu ya kulia, ofisi za kuhudumia wateja), wajibu unapanuka hadi njia ya kuifikia: kutoka maegesho au barabarani, kupitia mlangoni na korido, pamoja na vyoo na maji ya kunywa yanayohudumia sehemu hiyo.

Wajibu huo una kikomo. Kanuni za Marekani zinasema gharama ya kurekebisha njia ikizidi asilimia 20 ya gharama ya ukarabati wa sehemu kuu, inahesabiwa imepita kiasi. Ukarabati ukigharimu 100, utatakiwa kutenga hadi 20 nyingine kwa ajili ya njia. Angalia vizuri: fedha hizo ni nyongeza juu ya zile 100, na kikomo hicho hakikuruhusu kuacha kila kitu kwa hoja kwamba yote kwa pamoja yangezidi. Unafanya kinachoenea ndani ya asilimia 20, kisha unasimama hapo.

Wapo wanaodhani wakiugawa ukarabati vipande vidogovidogo watakwepa. Waandishi wa kanuni walishaliona hilo. Kazi ndogondogo za miaka 3 zinazohudumiwa na njia ileile zinajumlishwa.

Fedha hazitoshi. Nianze na nini?

Fuata safari ya mteja. Utaratibu uliowekwa na kanuni hizo ndio huo: kwanza mlango wa kuingilia, pili njia ya kufika kwenye sehemu iliyokarabatiwa, tatu choo kimoja angalau kinachotumika na jinsia zote (au kimoja kwa kila jinsia), nne simu za umma, tano maji ya kunywa, halafu ndipo maegesho, hifadhi na vingine. Simu za umma siku hizi zimebaki kwenye maandishi zaidi kuliko kwenye majengo.

Mimi naukubali mpangilio huo kwa sababu unazuia kosa linaloonekana kila mara: choo kizuri chenye vyuma vya kushikilia pande zote, kwenye jengo ambalo mlango wake una ngazi tatu. Choo hicho kinapigwa picha kwenye ripoti na hakuna hata mmoja wa waliokusudiwa aliyewahi kukifikia. Njia ni mnyororo. Pete moja ikikatika, fedha ulizoweka kwenye pete zinazofuata zimelala bure.

Nani analipa, mwenye jengo au mpangaji?

Mnaweza kugawana kwenye mkataba wa pango mnavyotaka, na mngefanya vizuri kuliandika hilo kabla ya kusaini. Ila makubaliano yenu hayamfungi mteja aliyezuiwa kuingia: sheria ya Marekani inawabana wote wawili, mwenye jengo na mpangaji, halafu ninyi mtadaiana wenyewe. Kwa upande mwingine, mpangaji akikarabati duka lake mwenyewe, kazi yake peke yake haimlazimishi mwenye jengo kurekebisha korido na vyoo vya pamoja vilivyo chini ya mamlaka yake.

Rampu (njia ya mteremko inayochukua nafasi ya ngazi) inatakiwa ilale kiasi gani?

Usizidi 1 kwa 12. Maana yake, kila milimita 1 ya kupanda inadai milimita 12 za kwenda mbele. Hiyo ni namba ya mwisho unayoruhusiwa, wala usiichukulie kama lengo. Mtu anayejisukuma kwa mikono yake mwenyewe, au anayesukumwa na mzee, atakushukuru ukifika 1 kwa 16 au hata 1 kwa 20.

Hapa ndipo hesabu inapowashangaza wengi, basi tuifanye. Tuseme sakafu iko juu ya barabara kwa milimita 450, ambazo ni kama ngazi tatu. Mara 12 ni milimita 5,400. Kuna pia sehemu tambarare juu na chini, kila moja isiyopungua urefu wa milimita 1,525. Umeshafika mita 8 na nusu, na bado hujaweka kona. Ukiwa na mita 4 tu mbele ya jengo, rampu ya moja kwa moja haipo, hata fundi awe hodari namna gani. Utaikunja, au utaipeleka ubavuni, au utatafuta njia nyingine.

Mengine ya kukagua: upana kati ya reli za kushikilia usipungue milimita 915, mpando mmoja usizidi milimita 760 bila sehemu tambarare ya kupumzikia, reli ziwe pande zote mbili pale mpando unapozidi milimita 150, kwa kimo cha milimita 865 hadi 965, kingo ziwe na kizuizi ili gurudumu la mbele lisichomoke, mteremko wa kwenda ubavuni usizidi 1 kwa 48. Huo wa ubavuni mafundi huusahau kwa kuwa wanataka maji yatiririke. Maji yanatiririka kweli, na kiti kinavutwa kuelekea ukingoni njia nzima. Weka pimamaji kwa upana pia, usipime kwa urefu peke yake.

Uingereza wanaenda kwa mtindo mwingine: kadiri rampu inavyokuwa ndefu ndivyo inavyotakiwa kulala zaidi. Ya mita 2 inaweza kufika 1 kwa 12, ya mita 5 isizidi 1 kwa 15, ya mita 10 isizidi 1 kwa 20. Ukiniuliza, huu ndio mtindo unaolingana na mikono ya binadamu.

Na nafasi ikiwa haipo kabisa?

Kwa jengo la zamani, na kwa jengo la zamani tu, mpando mdogo unaruhusiwa kuwa mkali kidogo: 1 kwa 10 kama kimo hakizidi milimita 150, na 1 kwa 8 kama hakizidi milimita 75. Zaidi ya hapo, fikiria jukwaa la kupandisha, yaani lifti fupi ya wima inayobeba kiti cha magurudumu. Linakubalika kwenye majengo yaliyopo. Au tazama mlango mwingine: pengine ubavuni kuna sakafu iliyo sawa na ardhi. Ukiuchagua, uwe mlango wa wateja hasa, wenye alama mbele ya jengo inayouelekeza, na uwe wazi saa zote ambazo mlango mkuu uko wazi. Kumpitisha mteja kwenye stoo kati ya mapipa ya taka hakuhesabiwi kuwa ufikivu.

Ubao wa kuegemeza unaotolewa mtu akija? Unafaa kwa siku chache za kungojea kazi ikamilike. Baada ya hapo unageuka kisingizio.

Mlango wa sentimita 80 unatosha?

Kwa kawaida hautoshi, na hili ndilo swali ambalo jibu lake hugharimu kuliko yote, maana milango huagizwa mapema.

Kinachodaiwa ni uwazi wa milimita 815. Uwazi hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa nyuzi 90, kutoka uso wa bamba la mlango hadi kwenye kituo cha fremu (ukingo ambao bamba linagonga likifungwa) upande wa kitasa. Chukua bamba la milimita 800. Likifunguliwa, unene wake wa kama milimita 40 unabaki ndani ya uwazi, na kituo cha fremu kinakula kidogo. Unabaki na kama milimita 750. Bamba la milimita 900 linakupa takriban 850, na hapo uko salama. Kwa hiyo agiza 900, na kwenye michoro andika uwazi unaotaka, usiandike ukubwa wa mlango. Fundi anayesoma "mlango 800" amekutii kabisa akikuletea mlango usiopitika. Bamba likiwa limeshanunuliwa na linapungua milimita chache tu, zipo bawaba maalumu zinazolitoa bamba lote nje ya uwazi.

Kisha tazama nafasi iliyo pembeni ya kitasa. Mtu aliyekaa kwenye kiti, anapouvuta mlango kuelekea kwake, anahitaji kukaa ubavuni ili usimgonge magoti. Viwango vinadai milimita 455 za ukuta ulio wazi upande wa kitasa, kwa anayekuja moja kwa moja na kuvuta. Mlango uliobanwa kwenye kona hauna nafasi hiyo. Kuuhamisha sentimita chache kwenye mchoro ni kazi ya dakika moja, na tofali likishapanda ni bomoabomoa.

Vitasa viwe vya mkono, vinavyoshushwa hata kwa ngumi au kiwiko. Vile vya duara vinadai kukamata na kusokota, kazi isiyowezekana kwa mtu mwenye baridi yabisi, mwenye kiganja kisichokunjika, au mwenye mizigo mikono yote miwili. Kizingiti kisizidi milimita 13, au 19 kwa mlango wa zamani, na kichongwe kingo. Mashine ya kufunga mlango nayo ilegezwe: milango ya ndani ya bawaba isidai nguvu ya zaidi ya nyutoni 22.

Choo kinahitaji nini hasa?

Kinahitaji kwanza kufikiriwa kama mahali pa kuhama kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Mtu anaingia, anageuka, anasogeza kiti chake kando ya bakuli, anahamia, anamaliza, ananawa, anarudi. Kila hatua ina kipimo chake.

Kugeuka kunataka duara la milimita 1,525. Kuhamia kunataka nafasi iliyo wazi kando ya bakuli: milimita 1,525 kutoka ukuta wa pembeni, bila sinki kuchungulia ndani yake. Katikati ya bakuli pawe milimita 405 hadi 455 kutoka ukuta huo. Karibu zaidi mtu anabanwa, mbali zaidi mkono haukifikii chuma cha kushikilia. Kiti cha choo kiwe na kimo cha milimita 430 hadi 485. Vyuma vya kushikilia viwe viwili, cha pembeni chenye urefu wa milimita 1,065 au zaidi na cha nyuma 915, vyote kwa kimo cha milimita 840 hadi 915. Kati ya chuma na ukuta pawe milimita 38, ngumi ienee bila mkono wote kutumbukia.

Chuma hicho lazima kihimili nguvu ya nyutoni 1,112, ambayo ni uzito wa kama kilo 113. Ukuta wa zege au tofali hauna neno. Ukuta mwepesi wa bodi unahitaji mbao au bati nene nyuma yake, na vitu hivyo huwekwa kabla bodi haijafungwa. Wakati huo hakuna anayefikiria vyuma. Chuma kilichoshikwa na skurubu mbili kwenye bodi tupu ni hatari kuliko kutokuwa na chuma, maana mtu atakiamini kwa uzito wake wote.

Vigae navyo vina lao. Mchoro umesema upana wa mita 1.5, fundi akapiga plasta, akaweka gundi, akabandika vigae pande mbili. Milimita 50 zimekwenda na hakuna aliyekosea. Andika kwenye michoro kwamba vipimo ni baada ya umaliziaji, kisha chora chumba kikubwa kidogo kuliko kiwango.

Kwenye sinki, ukingo usipite kimo cha milimita 865, chini pawe wazi kwa magoti, na mabomba ya chini yafunikwe. Miguu isiyo na hisia inaungua na maji ya moto bila mwenyewe kujua. Bomba liwe la mkono mmoja. Kioo kianzie kimo kisichozidi milimita 1,015 kutoka sakafuni. Mlango ufunguke kwa nje, au uweze kufunguliwa kutoka nje mtu akianguka nyuma yake.

Uingereza huongeza kamba nyekundu ya kuita msaada, yenye pete mbili: moja kwenye kimo cha milimita 800 hadi 1,000, nyingine milimita 100 tu kutoka sakafuni, kwa ajili ya aliyeanguka. Ukiikuta imefungwa fundo juu ili isisumbue wasafishaji, ifungue.

Vyumba vya vyoo vilivyopo ni vidogo mno. Nifanyeje?

Kama kweli upanuzi hauwezekani, kanuni zinaruhusu choo kimoja cha jinsia zote, kwenye ghorofa ileile na eneo lilelile. Mara nyingi hicho ndicho chaguo bora hata pale nafasi ipo, kwa sababu mke anaweza kuingia na kumsaidia mumewe bila kumfukuza mtu.

Lifti ni lazima?

Inategemea nchi na ukubwa. Marekani imesamehe majengo binafsi yenye ghorofa zisizofika tatu (ya chini ikihesabiwa), au yenye chini ya futi za mraba 3,000 kwa kila ghorofa (kama mita za mraba 279). Msamaha huo hauhusu majengo ya maduka mengi wala ofisi za watoa huduma za afya. Pia haugusi mengine: choo cha ghorofa ya pili bado kinatakiwa kiwe na vipimo, kwa kuwa wapo watu wenye ulemavu wanaopanda ngazi.

Lifti ikiwa haiwezekani, hamisha huduma. Dawati la kuhudumia wateja, chumba cha mikutano na keshia vishuke chini, na stoo ipande juu. Hilo halihitaji hata mfuko wa saruji.

Mbona wateja wetu hawana viti vya magurudumu?

Wangekujaje, ngazi zikiwa pale? Tena kiti cha magurudumu ni alama tu iliyobandikwa mlangoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa, na wengi wao hawatumii kiti. Kuna wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye maumivu ya viungo, wenye ulemavu wa akili. Ukarabati uliomfikiria mwenye kiti peke yake umeacha nusu ya kazi.

Kwa asiyeona vizuri, kinachosaidia ni tofauti ya rangi. Mlango mweupe, fremu nyeupe na ukuta mweupe ni kipande kimoja kwake. Kanuni za Uingereza hupima kiasi cha mwanga kinachorudishwa na kila rangi, na hutaka nyuso mbili zipishane kwa pointi 30. Kingo za ngazi zipakwe rangi inayoonekana. Milango na kuta za kioo ziwekwe alama kwenye vimo viwili, milimita 850 hadi 1,000 na 1,400 hadi 1,600, la sivyo hata mwenye macho mazima ataigonga siku moja. Ngazi zisiwe na nafasi tupu chini yake inayompiga kichwa anayetembea kwa fimbo nyeupe, na kitu kilichotundikwa ukutani kati ya milimita 685 na 2,030 kisichomoze zaidi ya milimita 100, maana fimbo inapita chini yake bila kukigusa. Kizimamoto ndicho mkosaji wa kawaida.

Vigae vyenye vinundu vya kuhisiwa kwa miguu vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, vikawekwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Vina lugha yake: vinundu maana yake simama au tahadhari, mistari maana yake endelea. Fundi akivipanga kwa kupendezesha sakafu, amemwandikia mtu asiyeona maelekezo ya uongo.

Vibao vya vyumba viwe na herufi zilizoinuka na nukta nundu, upande wa kitasa, kwenye kimo cha milimita 1,220 hadi 1,525. Kwa kiziwi, hakikisha uso wa mhudumu una mwanga na hauna dirisha kali nyuma yake, ili midomo na ishara zionekane. Mfumo wa kuita namba kwa kipaza sauti uambatane na skrini.

Kaunta na swichi?

Sehemu ya kaunta, yenye upana wa milimita 915 angalau, ishuke hadi kimo kisichozidi 915. Iache wazi. Ukishaijaza vipeperushi na mashine ya kadi, imekuwa rafu. Swichi, soketi na vitufe viwe kati ya milimita 380 na 1,220 kutoka sakafuni.

Maegesho mangapi?

Marekani: nafasi 1 kwa maegesho ya hadi magari 25, nafasi 2 kwa 26 hadi 50, nafasi 3 kwa 51 hadi 75, na hesabu inaendelea. Nafasi moja kati ya kila sita iwe ya gari kubwa lenye mlango wa ubavuni. Upana wa nafasi ya kawaida ni milimita 2,440, na pembeni yake njia ya kushukia ya 1,525. Njia hiyo ndiyo yenye thamani. Bila hiyo kiti hakishuki garini, na pikipiki hupenda sana kuegeshwa hapohapo.

Moto ukitokea?

Swali hili huja mwisho wakati lilistahili kuja la pili. Lifti za kawaida hazitumiki wakati wa moto, kwa hiyo kila mtu uliyempandisha ghorofani ana haki ya kujua atashukaje. Panga sehemu ya kungojea msaada, iliyokingwa na moto, karibu na ngazi ya dharura. Uingereza hutaka nafasi ya milimita 900 kwa 1,400 kwa kila kiti, na chombo cha kuwasiliana na walio chini. Viti maalumu vya kushushia kwenye ngazi vipo, ila havina maana kama hakuna mfanyakazi aliyezoezwa kuvitumia. Ukibadilisha au kuboresha mfumo wa king'ora, weka na taa za kumweka, hasa vyooni, mahali ambapo kiziwi yuko peke yake nyuma ya mlango.

Jengo letu limehifadhiwa kama urithi wa kihistoria.

Hujasamehewa, umepewa njia ndefu zaidi. Zungumza na mamlaka ya uhifadhi kabla ya kuchora. Pale ambapo marekebisho yangeharibu kile kinacholipatia jengo thamani yake, njia mbadala hukubaliwa: mlango wa pembeni, rampu inayoweza kuondolewa bila kuacha kovu kwenye jiwe, huduma iliyohamishiwa chini. Mamlaka hizo husikiliza zaidi mtu aliyekuja na michoro mitatu kuliko aliyekuja na ombi la msamaha.

Mkandarasi anasema haiwezekani kitaalamu. Nimwamini?

Mwombe aandike sababu. Haiwezekani maana yake ni, kwa mfano, kwamba ingebidi kukata nguzo inayobeba jengo, au mipaka ya kiwanja haina nafasi. Kazi kuwa ngumu au kuchelewesha ratiba hakutoshi. Na hata pale kipimo kimoja kinaposhindikana, mengine yanabaki: mlango usioweza kufika milimita 815 bado unaweza kuwekewa kitasa cha mkono na kizingiti kilichochongwa. Hifadhi maandishi hayo. Mkaguzi atayataka.

Nimshirikishe nani?

Msanifu anayejua kanuni, na watu wenye ulemavu wenyewe, zaidi ya mmoja, wenye ulemavu tofauti. Waite michoro ikiwa bado ya penseli, na uwalipe kama unavyomlipa mshauri mwingine yeyote. Wana ugomvi wao pia: mtumiaji wa kiti anataka ukingo wa barabara ulale kabisa, asiyeona anautaka uhisike kwa fimbo. Ni afadhali ugomvi huo ufanyike mezani.

Duka litabaki wazi wakati wa kazi. Kuna la kufanya?

Ndiyo. Njia ya muda nayo ipitike: upana uleule, nyaya zisitambae sakafuni, na uzio wa kazi uanzie chini karibu na ardhi ili fimbo iugundue. Kukatika kwa muda mfupi kwa sababu ya matengenezo kunavumilika, kukatika kwa miezi hakuvumiliki.

Nikague vipi kabla ya kumaliza malipo?

Zuia sehemu ya malipo hadi vipimo vya mwisho. Chukua tepu, pimamaji, na kiti cha magurudumu cha kuazima. Pima uwazi wa kila mlango, siyo sampuli. Pima choo ukuta kwa ukuta juu ya vigae. Pima kila rampu juu, katikati na chini, maana mteremko wa wastani wa 1 kwa 12 unaweza kuficha kipande cha 1 kwa 8 katikati. Ning'inia kwenye vyuma vya choo kwa uzito wako. Kisha mtu aliyezoea kiti apite safari yote, kuanzia anaposhuka garini hadi anapokaa, aende choo, arudi, atoke kwa mlango wa dharura. Wewe kaa kimya, andika anaposimama.

Baada ya hapo?

Matunzo ni sehemu ya sheria: kilichowekwa kinatakiwa kiendelee kufanya kazi. Adui si ubaya wa moyo, ni uhaba wa stoo. Choo kikubwa kuliko vyote kinaanza kupokea ndoo na mifagio, kisha maboksi, kisha mti wa plastiki uliokosa mahali. Njia ya kushukia garini inapata vyungu vya maua. Mteue mfanyakazi mmoja, kwa jina, azungukie njia nzima kila juma akiwa na orodha, na ufunguo wa jukwaa la kupandisha ukae kaunta, si nyumbani kwa meneja.